Sababu Aliyoitaka Abbasi

Abbasi hakutaka kuombwa radhi. Hilo Zuwena alilijaribu mapema kabisa, wodini, mguu wa mumewe ungali ndani ya plasta, na Abbasi akamkatiza kwa upole: "Radhi ya nini, Mama Shamimu? Wewe niambie tu tulianguka kwa nini. Ukinipa sababu, hata kesho napanda tena pikipiki yako."

Kesho yenyewe sasa ina miaka tisa.

Sababu Zuwena hakuwa nayo. Jamani, hebu fikiria: barabara kavu, jua la asubuhi, hakuna gari, hakuna ng'ombe, mwendo wa pole wa kwenda Kwihara kumjulia hali wifi yake. Halafu ghafla wako chini wote wawili, pikipiki imemlalia Abbasi mguuni. Zuwena alikumbuka kona ya mwisho kabla ya kufika, akakumbuka vumbi mdomoni. Hapo katikati hamna kitu, peupe kabisa.

Wajuzi hawakukosekana. Tabora ni mji wa watu wa heshima, lakini ikija habari ya ajali kila mtu anageuka trafiki. Majirani zake wa Chemchem walisema ni mchanga. Kaka zake walisema ni mwendo kasi, nao wangesema hivyo hivyo hata kama angeanguka akiwa amesimama. Wengine wakashusha sauti, wakasema pale inapita njia ya zamani ya misafara, wamelala wapagazi waliokufa kwa ndui na kiu, na marehemu hao hawapendi kelele za injini. Zuwena alisikiliza yote, akaitikia yote, na hakuna hata moja lililomwingia akilini.

Maana huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kustaafu alikuwa afisa nyuki, Bibi Nyuki kwa jina la mtaani, na kazi ilimpitisha kwa pikipiki porini kote, Sikonge huko, Ulyankulu huko, kukagua mizinga. Alivuka mbuga za tope jeusi asianguke. Alifukuzwa na nyuki akiwa anaendesha, asianguke. Aje aanguke kwenye barabara nyoofu, siku ya kwenda kutembea, amevaa baibui safi? Hilo lilimkera kuliko maumivu.

Na watu walidhani msiba wake ni mguu wa Abbasi. Wapi! Mguu ulipona ukabaki mgumu kidogo, Abbasi akajifunza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja, na suruali zake zikatoka zimenyooka vilevile. Kilichopotea ni kingine. Nyumbani Abbasi alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana" na "chai ipo?" Lakini mpandishe nyuma ya pikipiki uone! Kila Jumapili walipokuwa wakienda Kwihara alimwegemea mkewe begani, akammwagia maneno sikioni njia nzima: mteja aliyeleta kitambaa cha suti akitaka gauni, ndoto aliyoiota juzi, wivu wake wa zamani juu ya afisa misitu mmoja ambaye Zuwena hata sura yake ameshaisahau. Baada ya ajali walikwenda kwa bajaji, mara mojamoja. Abbasi alitazama nje, dereva akafungulia muziki, wakafika. Zuwena alikuwa na hamu ya mumewe, na huku wanalala kitanda kimoja.

Basi mwaka huu, mvua zilipokatika, Zuwena aliingia stoo akavuta turubai. Pikipiki nyekundu ilikuwa pale, imekaa kwa ukimya wake, na panya walikuwa wametengeneza nyumba kwenye siti. Aliisukuma hadi uani, magurudumu yakilia. Chumba cha mbele cherehani ilinyamaza.

"Unaipeleka wapi?" Abbasi aliuliza dirishani.

"Kutafuta sababu yako, Baba Shamimu. Vichwani mwa watu nimeitafuta, haimo. Nadhani iko huku juu."

Abbasi aliitazama ile pikipiki kwa muda, kisha akamtazama yeye. Zuwena alingoja akatazwe. Cherehani ilianza tena.

Hakuipiga kiki siku hiyo, wala wiki ile. Fundi aliifungua yote, akabadilisha tairi zilizopasuka kama visigino vya kiangazi, waya za breki, cheni. Helmeti ya zamani Zuwena aliipeleka mwenyewe kwa Naushad, mwenye duka la vipuri Gongoni, akitaka tu kioo kipya. Naushad alitia kidole ndani, akakandamiza, na sponji ikamwagika mezani ikiwa unga.

"Dada Zuwena," alisema, "hii siyo helmeti tena, ni sufuria. Ukianguka nayo utapikia."

Akachukua mpya. Akachukua na glovu, na koti gumu lenye viwiko, ambalo Abbasi alilipunguza kiunoni bila kuombwa na bila kusema kitu. Zuwena alipolivaa likamkaa sawasawa, akamwangalia mumewe kwa jicho la kuuliza. Abbasi alikuwa anatafuta sindano iliyoanguka.

Mwalimu alikuwa Mathias, Mgogo wa Mpwapwa aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa, akabaki, na sasa anafundisha udereva. Wagogo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara, na mtani, kama unavyojua, ana ruhusa ya kukuambia lile ambalo ndugu yako atalimeza. Mathias hakulimeza hata moja.

"Mama, babu zenu walitembea kwa miguu hadi Bagamoyo na pembe mabegani, wakarudi kwa miguu," alisema siku ya kwanza, uwanjani. "Nani kawaambia nyinyi kuna magurudumu?"

"Walitembea, ndiyo," Zuwena akamjibu. "Na babu zenu walikaa njiani wakidai hongo ili watu wapite. Bora miguu, mtani."

Wakaelewana hapo hapo.

Siku hiyo Mathias hakumruhusu hata kuwasha. Alimwamuru aisukume tu, aizungushe, aiinamishe huku na huku mpaka auzoee uzito wake. Zuwena alitaka kucheka, akijua miaka aliyoendesha, lakini alipoiinamisha upande wa kushoto nusura imshinde. Loo! Uzito ulikuwa ule ule; aliyebadilika ni yeye. Hapo akapata shauku ya kweli, ile aliyokuwa nayo zamani mbele ya mzinga mgeni, ambapo huvamii, unafunua kifuniko taratibu na kutazama kilichomo.

Na alichokiona ndani yake kilimshangaza. Mguu wa kushoto ulikumbuka gia zote, tena bila kuulizwa. Vidole viliikumbuka klachi. Mguu wa kulia, lakini, ulikuwa umesahau kabisa kwamba kuna breki pale chini, na ulipotakiwa kukanyaga ulikaa tu. "Huu mguu umestaafu kabla yako," Mathias alisema. Wakarudia kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, breki ya mguu na ya mkono kwa pamoja, polepole, mpaka mguu ukarudi kazini. Kisha chupa za maji zilizojazwa mchanga zikapangwa, apite katikati. Aliigonga ya kwanza, akaigonga tena.

"Unaitazama," Mathias alisema. "Acha kuitazama. Pikipiki inafuata macho, mama. Ukilikodolea shimo, utaingia shimoni. Tazama unakotaka kwenda, mbali."

Akatazama mbali. Chupa zikasimama zote. Jamani, furaha aliyoipata pale ungedhani kaozesha.

Kasheshe ilianza walipotoka uwanjani kwenda barabarani. Zuwena alitangulia, Mathias akamfuata kwa pikipiki yake, macho kwenye magurudumu ya mwanafunzi. Walipokwenda na kurudi, Mathias alivua helmeti, uso umekunjamana.

"Pale kwenye mashine ya kusaga ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Umeyumba. Na pale msikitini ukayumba tena, vibaya. Na kwa yule fundi viti."

Zuwena akakataa katakata. Yeye aliona amenyooka njia nzima. Wakaitazama tairi ya mbele, iko sawa. Wakatikisa usukani, uko sawa. Upepo haukuwapo. Wakarudia njia ile ile, mashine, msikiti, fundi viti, na safari hii Mathias akasema hakuna kuyumba hata chembe. Kesho yake akayumba tena, mahali pengine kabisa.

"Mtani, mimi nimefundisha watu wengi," Mathias alisema, akijikuna shingo. "Kuna anayeogopa lori, kuna anayeogopa mbwa. Wewe sikujui unaogopa nini."

Zuwena akaacha kubisha. Hapa pana kitu, aliwaza. Kitu ninachokifanya na sikijui. Na kama nakifanya leo, hata siku ile nilikifanya.

Wakaegesha, wakakaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai. Zuwena aliokota kijiti akachora barabara chini vumbini. "Hebu tufikiri. Hapa mashine. Hapa msikiti. Hapa fundi viti. Sasa kuna nini hapa, na hapa, na... shikamoo mzee!... na hapa, ambacho mara ya pili hakikuwapo?"

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli aliitikia marahaba, akaenda zake. Mathias alikuwa anautazama mkono wa Zuwena.

"Huo mkono," alisema, "umeupandisha saa ngapi?"

Zuwena aliangalia. Kijiti kilikuwa kimedondoka, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, kiganja wazi, shingo imegeukia alikokwenda yule mzee. Hakuwa ameuambia upande. Ulipanda wenyewe, kama ulivyopanda maisha yake yote toka alipofundishwa na bibi yake kwamba mtu mzima hapitwi kama mti.

Akakiokota kijiti tena. Mashine ya kusaga: walikuwapo akina mama wazima wakingoja unga. Msikitini: wazee walikuwa wanatoka kuswali. Kwa fundi viti: baba yake fundi, kibarazani. Na waliporudia, akina mama walikuwa wameshaondoka, wazee wametawanyika, yule baba kaingia ndani. Vijana na watoto hawakumyumbisha hata mmoja. Ni watu wazima tu.

"Mkono wa kulia ndio wa mafuta," alisema polepole, akijisikiliza mwenyewe. "Ndio wenye breki ya mbele. Nikiuinua, pikipiki inakosa vyote viwili. Na macho nampa ninayemsalimu."

"Na pikipiki inafuata macho," Mathias alimalizia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika benchi. "Yarabi! Nilijua Wanyamwezi mnakufa kwa mengi, sikujua mnakufa kwa adabu! Sasa si usalimie na wa kushoto?"

"Mtani, una wazimu? Nimpungie mtu mzima mkono wa kushoto, mimi?"

"Basi piga honi."

"Honi! Nimpigie honi kama nafukuza kuku!"

Lakini kicheko hakikumkaa Zuwena muda mrefu. Alitoa simu akampigia wifi yake, Bi Sikuzani wa Kwihara, dada mkubwa wa Abbasi. Nyumba ya Bi Sikuzani iko kando ya barabara, hatua chache toka pale walipoangukia, na siku ile yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Huyu mama anakumbuka nani alimpita bila salamu, mwaka gani, na alikuwa amevaa nini.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Wifi, siku ile tuliyoanguka. Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa nje nafagia. Nimeshawaambia mara ngapi?"

"Nilikusalimu?"

Naona swali lilimuudhi kidogo Bi Sikuzani. "Sasa ungenipitaje bila kunisalimu? Ulinisalimu vizuri sana. Ulininyooshea mkono, ukasema shikamoo wifi, nami nikaitikia marahaba, mkawa chini."

"Na hujawahi kusema!"

"Niseme nini? Salamu nayo ni habari?"

Zuwena alikata simu, akalia palepale kwenye benchi la chai, na hakujua analia nini hasa. Mathias aliacha kucheka, akamsogezea kikombe.

Abbasi alikuwa anapiga pasi mkewe aliporudi. Zuwena hakuvua hata koti. Alimweleza kila kitu akiwa wima mlangoni: chupa, mashine, msikiti, mkono, maneno ya dada yake. Abbasi aliisimamisha pasi pembeni.

"Kwa hiyo mguu wangu umevunjwa na shikamoo," alisema.

"Ndiyo."

Alianza kucheka taratibu. Zuwena naye akataka kucheka, akaona mabega ya mumewe yanatikisika vingine. Abbasi alikaa kwenye stuli, akafunika uso kwa suruali ya mteja aliyokuwa akiipiga pasi.

"Baba Shamimu! Kuna nini?"

"Nilijua ni mdomo wangu," Abbasi alisema ndani ya kitambaa. "Nilikuwa naongea, hukumbuki? Nilikuwa nakusimulia habari ya yule bwana harusi na koti lake, na nikasema kwa nguvu, 'Sikiliza hapa sasa!' Hata dada sijamwona, tukaanguka. Nikajua nimekushtua. Miaka yote hii najua ni mimi, na naogopa kukuuliza sawasawa. Nikaona bora ninyamaze, nisikuangushe tena."

Zuwena alisimama na helmeti mkononi. Hasira ilimpanda, kweli kabisa, hasira ya miaka tisa ya bajaji na muziki wa watu, na katikati ya hasira ikaingia huruma. "Mjinga wewe," alimwambia. "Mjinga kabisa. Mimi hata hilo neno sikulisikia. Nilikuwa namwamkia dada yako."

Jumapili asubuhi Abbasi alitoka uani amevaa helmeti mpya ya kwake, akaizunguka pikipiki, akapandisha mguu wake mgumu kwa kuushika na mikono. Alilishika lile koti alilolipunguza mwenyewe, ngumi mbili, kwa nguvu hivi kwamba mkewe alibanwa pumzi.

Walitoka Chemchem polepole. Pale mtaani mzee wa kwanza alikuwa amekaa kibarazani kwake, na Zuwena alihisi mkono wa kulia unawasha kama umeguswa na upupu. Aliubana kwenye usukani, akatazama mbali, akapita. Uso ulimwaka moto kwa aibu. Akampita wa pili, akampita mama mmoja mwenye kapu. Hakuyumba. Ila alijisikia amelaaniwa, na nyuma yake zile ngumi hazikulegea, wala sauti haikutoka. Nimeipata sababu, aliwaza, amepanda, na bado hanisemeshi.

Mji ukaisha. Barabara ikawa ya mchanga, akapunguza mwendo, macho mbele. Kona ya mwisho ikaja, ikapita, na mbele, kando ya barabara, mama mrefu mwenye khanga alikuwa ameegemea ufagio. Bi Sikuzani mwenyewe. Mkono ulimvuta Zuwena kuliko ulivyomvuta kwa wote aliowapita njiani; huyu siyo mzee wa kibarazani, huyu ni wifi yake mkubwa, na angelikumbuka hili hadi kaburini. Zuwena alikaza meno.

Ndipo akahisi ngumi moja imeachia koti. Pembeni mwa helmeti yake mkono wa kulia wa Abbasi ulitokeza, ukapanda juu kabisa, kiganja wazi.

"Shikamoo dada!"

"Marahaba!" Bi Sikuzani aliitikia kwa mshangao, ufagio ukimdondoka. "Na huyo mwenzako, hana mdomo?"

"Yuko kazini, dada! Anakusalimu kwa mdomo wangu!"

Mkono ulirudi, lakini haukurudi kushika koti. Ulitua begani kwa Zuwena, mwepesi, pale pale ulipokuwa ukikaa zamani, na Abbasi akamsogelea sikioni.

"Sikiliza hapa sasa," alisema. "Yule bwana harusi. Sijakumalizia. Koti lilipomkataa tumboni, unajua alifanyaje?"

Zuwena alipaswa kusimama kwa wifi yake. Aliona lango likija, akaliona likipita, naye akaendelea na barabara ile, mikono miwili kwenye usukani, taratibu. Wifi angengoja, wangegeuza baadaye. Kwanza aisikie hiyo habari ya koti hadi mwisho.